MTOTO AKIAMINIWA ATAJIAMINI

(Hotuba ya mfanya kazi wa reli kwa wazazi na wafanya kazi waliokutana Kipsing, Isiolo. Imepigwa chapa kwa ajili ya wanachama wote.)



Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya reli, ambayo haifiki hapa kwenu. Mwisho wake ni Nanyuki. Lakini nina neno juu ya watoto wetu darasani, maana jambo lao na jambo la mfanya kazi naliona ni moja.

Hapa Kipsing, Msamburu na Mturkana humkabidhi mtoto mdogo wanambuzi awachunge. Jioni hurudi nao, akawatazama rangi na alama zao, akajua ni yupi aliyepotea. Baba yake amemwamini na mali. Mtoto huyo huyo akiingia darasani, akakosea hesabu moja, huenda akaitwa mjinga na wenzake wakacheka. Tangu siku ile hufunga mdomo. Je, akili yake ilipotea njiani? Hasha. Hakupata mtu wa kumwamini kama alivyoaminiwa nyumbani.

Katika reli, watu wa njia hutembea kwa miguu wakikagua vyuma na mataruma. Mtu akiona ufa, akaogopa kusema kwa kuwa nyapara atamtukana, ufa ule hauponi kwa kunyamaziwa. Treni itapita juu yake. Mwanafunzi anayeogopa kusema "sikuelewa" ni vivyo hivyo. Ufa wa darasa la pili utaukuta darasa la sita, nao umekwisha kuwa mpana.

Wazee wamesikia habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua, kimetiwa katika kikopo cha chuma, akakining'iniza shingoni. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walisimama kukipinga.

Basi shuleni nako palikuwa na kipande chake. Marehemu Ngugi wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, cha mwaka 1986, kwamba mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alichapwa, au alivikwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kumtukana. Ili wapatikane wakosaji, kifungo kilipitishwa toka mtoto hadi mtoto, kila mmoja akimvizia mwenzake apate kumtwisha. Tazameni hapo, ndugu zangu! Watoto walifundishwa kusalitiana. Chama gani kitajengwa na watu waliolelewa hivyo?

Leo sheria ni nyingine. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya moyo. Na mtaala ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 unataja kujiamini katika mambo saba ya kumjenga mwanafunzi. Lakini sheria haiketi darasani. Wanaoketi ni watu. Kwa hiyo nina maombi manne.

Kwanza, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, toka 2020 hadi 2022, na jamaa nyingi zilihama na mifugo. Mtoto anayerudi shuleni akiwa mkubwa kuliko wenzake asichekwe. Apewe kazi ya kuaminiwa: kutunza vitabu, kusimamia maji, au kuwaonyesha wadogo hesabu kwa mbuzi anaowajua.

Pili, anayejaribu akakosa ashukuriwe kwa kujaribu, kisha asahihishwe. Kumheshimu mtoto si kumdanganya kwamba amepata. Mtoto hutambua sifa za uongo upesi, naye hatamwamini tena mwenye kuzitoa.

Tatu, mwalimu naye ni mfanya kazi. Ana watoto wengi mbele yake na mikono miwili tu. Tukimsengenya nyumbani, mtoto atamdharau darasani. Likiwapo neno, twende tukaseme naye uso kwa uso, kwa adabu.

Nne, sisi tunaofanya kazi mbali, tukipiga simu nyumbani tusiulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Tuulize pia, "Leo umemwuliza mwalimu nini?" Mtoto atajua kwamba kuuliza si aibu.

Ndugu zangu, katika mikutano yetu ya Chama twajua taabu ya kumpata mtu wa kusimama mbele ya mkubwa wa kazi, akasema haki ya wenzake bila matusi na bila kutetemeka. Mtu huyo haokotwi siku ya mgogoro. Huanza kutengenezwa akiwa mdogo, siku anaponyosha mkono darasani, akakosa, na asionekane hata mmoja wa kumcheka.

Umoja ni nguvu.