Kardinali Laurean Rugambwa: Kutoka Seminari ya Rubya hadi Kiti cha Dar es Salaam



Aghalabu atajwapo Laurean Rugambwa hutajwa kwa sifa moja tu, kwamba katika zama zetu hizi yeye ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa ukardinali katika Kanisa Katoliki. Na sifa hiyo ikisha kutajwa, msemaji hunyamaza, kana kwamba amekwisha maliza sira yote ya mtu aliyeishi miaka 85 na kuongoza majimbo kwa miaka 40. Sifa hiyo ni ya kweli, wala sina muradi wa kuipunguza. Walakini kuwa wa kwanza kuna hila yake, maana humfanya mtu aonekane ameibuka ghafla siku ya kutunukiwa, hana waliomtangulia, hana waliomlea, wala hana kazi iliyokuwa ikimngoja kesho yake asubuhi. Ninayotaka kuyadai jioni hii ni kinyume cha hayo: kwamba kofia nyekundu ya mwaka 1960 haikuwa hidaya iliyotupiwa Afrika kwa kuwa Afrika ilikuwa ikishika uhuru wake, bali ilikuwa zao la shule iliyofanya kazi polepole kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba mtihani mzito wa maisha ya Rugambwa haukuwa Roma, ulikuwa Dar es Salaam.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 mahali paitwapo Bukongo, katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, zama ambazo bendera ya Wadachi ilikuwa bado ikipepea. Na ukoo wake ulikuwa wa watu wa utawala katika nchi iliyogawanyika falme ndogo ndogo, kila moja na mkama wake. Alibatizwa tarehe 19 Machi 1921, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na siku hiyo hiyo walibatizwa pamoja naye baba yake na mama yake. Nawaomba tusipite hapa kwa haraka. Yako masimulizi mengi ya misheni yanayomhusu mtoto aliyekimbilia kwa mapadre huku wazee wake wakinung'unika, na yako mengine ya mtoto aliyebebwa mikononi kwenda kubatizwa na wazazi waliokuwa Wakristo kabla yake. Huyu hakuwa wa kundi hili wala lile. Alikuwa na miaka minane na ushei, ana akili ya kutosha kujua linalotendeka, na aliwaona wazazi wake, watu wenye heshima zao katika nchi, wakiinamisha vichwa maji yamiminwe kama yalivyomiminwa juu ya kichwa chake yeye. Mtu aliyeingia dini namna hiyo hakulazimika kuchagua baina ya nyumba ya baba yake na nyumba ya padre, na nadhani utulivu ule ambao baadaye watu waliuona kwake na kuuita wa kifalme ulikuwa na asili yake humo.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, waliingia Buhaya mwaka 1892 wakitoka Buganda, ambako vita vya dini vilikuwa vimewafukuza, wakapiga kambi Kashozi wakiongozwa na Askofu Yohana Yosefu Hirth. Karne ya ishirini ilipokuwa bado changa, askofu huyo alianzisha seminari Rubya, ijapokuwa Wakristo wenyewe walikuwa bado wachache na wengi wa wazungu wenziwe waliona kuwa ni mapema mno. Mwaka 1917, vita kuu ikiwa bado inawaka, Wahaya wawili walipewa huko Rubya daraja ya upadre, wakawa miongoni mwa wa kwanza katika nchi hii. Rugambwa wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Ndiyo kusema kwamba alipofika umri wa kuota ndoto za upadre, ndoto hiyo haikuwa tena ya ajabu kijijini. Mapadre weusi walikuwako, wanasoma Misa, wanaungamisha watu, wanazika maiti.

Seminari ilikuwa ni shule ya Kilatini kabla ya kuwa ni shule ya kitu kingine chochote. Kijana aliyeijua lugha ya mama yake, na Kiswahili cha barabarani, aliketishwa mbele ya vitenzi vya Warumi akavinyambua mwaka baada ya mwaka, mpaka ifike siku aweze kusikiliza somo la falsafa na la teolojia katika lugha hiyo, na kulijibu kwa lugha hiyo hiyo mbele ya mwalimu asiye na haraka ya kumsifu. Kutoka Rubya walioendelea walivuka mpaka kwenda Katigondo, karibu na Masaka katika nchi ya Uganda, iliyokuwa seminari kubwa, na huko wakachanganyika na Waganda waliowatangulia njia hiyo. Waliorudishwa makwao walikuwa wengi kuliko waliofika altareni. Wapo wanaoilaumu elimu ile kwa kuwa iliwafanya vijana wetu wawe wageni katika nchi yao, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini mtu aliyeweza kukaa kati ya makardinali wa Ulaya bila ya kuhitaji mkalimani alitengenezwa na vitenzi vile vile vya Rubya. Rugambwa alipewa upadre tarehe 12 Desemba 1943 na Askofu Burcardo Huwiler, naye ana umri wa miaka 31. Baada ya miaka kadhaa ya kazi ya parokia akapelekwa Roma, katika chuo cha Urbaniana, akapata udaktari wa sheria za Kanisa.

Hakukaa sana na shahada yake. Tarehe 13 Desemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimteua kuwa askofu wa vikarieti mpya iliyoitwa Kagera ya Chini, iliyokatwa kutoka vikarieti ya Bukoba, na tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu kwa mikono ya Askofu Mkuu David Mathew, mjumbe wa Papa. Hapa msomaji wa tarehe hana budi kuwa na macho makali. Hakupewa Bukoba, Bukoba ilibaki kwa askofu Mzungu, na askofu Mwafrika akamegewa kipande akaketi Rutabo, pamoja na mapadre wazalendo. Mtindo huo haukuwa wa Buhaya peke yake: Masaka alikuwako Joseph Kiwánuka tangu mwaka 1939, na katika mwaka huo huo wa 1952 Aloys Bigirumwami alipewa Nyundo, katika nchi ya Rwanda, kwa namna iyo hiyo. Ilikuwa busara, na ilikuwa pia shaka iliyovaa joho la busara, kwani waliokabidhi walitaka kuona kama kipande kitatawalika kabla ya kukabidhi kizima. Kipande kilitawalika. Mwaka 1953 vikarieti ikawa jimbo la Rutabo, na baada ya miaka saba mipaka ikapangwa upya, Rugambwa akawa Askofu wa Bukoba.

Lakini kabla ya hayo kutimia, mwezi Machi 1960, likatangazwa jina lake katika orodha ya makardinali wapya wa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, na tarehe 28 ya mwezi huo akaundwa rasmi pamoja na Peter Doi wa Tokyo, Mjapani wa kwanza, na Rufino Santos wa Manila, Mfilipino wa kwanza; akapewa kuwa kanisa lake la heshima Roma lile la Mtakatifu Fransisko wa Ripa, upande wa Trastevere. Zama zile sherehe ilikuwa bado na fahari yake yote ya kale. Mteule alipiga magoti mbele ya Papa, na juu ya kichwa chake ikashikwa kofia nyekundu yenye ukingo mpana, inayoning'inia vishada vya nyuzi 15 kila upande, isiyokusudiwa kuvaliwa barabarani wala kanisani. Ilikaa juu ya kichwa muda wa kusomwa maneno machache ya Kilatini, yenye kumwambia kwamba rangi ile ni rangi ya damu aliyo tayari kuimwaga, kisha ikaondolewa, asiivae tena maishani mwake, kwa kuwa desturi ilikuwa itundikwe juu ya kaburi lake. Ulimwengu ulitazama picha ya Mwafrika mrefu, mwembamba, aliyevaa nyekundu, ukaona siasa: ulikuwa ndio mwaka nchi 17 za Afrika ziliposhika uhuru. Sikatai kwamba Papa alijua anachokionyesha. Nasema tu kwamba asingekuwa na cha kuonyesha kama Hirth asingefungua darasa la Kilatini kule Rubya.

Katika Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, maaskofu wa Afrika walifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia, nalo ni kujikusanya pamoja, waliosema Kifaransa na waliosema Kiingereza, ili wawe na sauti moja, na Rugambwa ndiye aliyewekwa kuwa rais wao. Hakuwa msemaji wa kuchoma mioyo. Alikuwa mtu wa kuketi kitini mpaka wengine wapatane. Alipiga kura katika kumchagua Papa mara tatu, mwaka 1963 akiwa mweusi pekee kati ya wapiga kura, na mara mbili mwaka 1978. Na mara ya mwisho, Oktoba ile alipochaguliwa Karol Wojtyla, mwezi haukwisha ila majeshi ya Idi Amin wa Uganda yamekwisha vuka mpaka wa mkoa ambao leo unaitwa Kagera, alikozaliwa.

Sasa nafika Dar es Salaam, na hapa naomba wasaa zaidi. Tarehe 19 Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa mji huo, akikalia kiti alichokuwa amekiacha Edgar Maranta, Mkapuchini wa Uswisi. Kule Bukoba alikuwa mtu wa kwao kati ya watu wa kwao, walioijua lugha yake na ukoo wake. Hapa alikuja kuwa mgeni katika mji wa pwani ambao adhana ndiyo iliyouamsha alfajiri, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wadachi mbele ya bandari, lilikuwa bado likitazamwa na wengi kama jengo la serikali iliyopita. Tena alikuja wakati mgumu. Mwezi ule ule jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, likazaliwa, na kulikuwa na Waislamu walioona kwamba mkono wa serikali ulikuwa mwepesi zaidi kwa dini moja kuliko kwa nyingine, na Rais Julius Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kusali Misa. Askofu mwenye kupenda fahari angeweza, katika hali hiyo, kuharibu mengi kwa hotuba moja tu. Rugambwa hakuitoa hotuba hiyo.

Kisha zikaja shule. Maaskofu walikuwa wamekwisha sema katika waraka wao wa 1968 kwamba Azimio la Arusha lina mengi yanayoafikiana na mafundisho ya Kanisa. Na Sheria ya Elimu ya 1969 ikawajia kama hati ya madai, ikichukua shule za misheni na kuzitia mikononi mwa serikali. Katika jimbo lake mwenyewe ilikuwako Pugu, shule ambayo Nyerere alikuwa mwalimu wake kabla ya kujiuzulu mwaka 1955. Fikirini: aliyechukua ni mwalimu wa zamani wa shule, na aliyechukuliwa ni mchungaji wa mwalimu huyo. Palikuwa na mapadre walionung'unika, na kwa haki, maana kuta zile zilijengwa kwa sadaka za watu. Lakini serikali haikuchukua seminari, na yamkini Rugambwa alijua kuliko wengi kwamba kilichoachwa ndicho kilichokuwa mzizi.

Wako wanaosema kwamba alinyamaza mno. Kwamba kardinali wa Kanisa kubwa alipaswa kukemea zaidi watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya sabini, na kwamba ukaribu wa Kanisa na Ikulu uliwanyima wanyonge mtetezi. Shutuma hii siwezi kuifuta. Ukimya uliohifadhi amani ya mji ulikuwa ndio ule ule ukimya uliowaacha wengine bila ya msemaji, na mtu hawezi kuusifu upande mmoja akajifanya hauoni wa pili. Hukumu yangu ni kwamba katika jambo la dini alinyamaza kwa hekima, na katika jambo la vijiji alinyamaza kupita kiasi.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997. Kwa kuwa kanisa kuu la Bukoba lilikuwa katika matengenezo, alizikwa Rutabo, kwenye kile kipande alichomegewa kwanza, na mwaka 2012, miaka mia baada ya kuzaliwa kwake, mabaki yake yakahamishiwa Bukoba.

Nimetaja kaburi kabla ya kustaafu kwa makusudi, kwa sababu kustaafu kwake ndiko kunakonivutia zaidi. Tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80, alimwachia kiti Polycarp Pengo, mtoto wa Mwazye katika nchi ya Ufipa, aliyesomea upadre Kipalapala. Magazeti yaliandika habari ya kustaafu, na ya umri, na ya mrithi. Hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba mrithi ni Mwafrika.