Chembe ya Chavua Inapokutana na Maji

Chembe ya chavua inapopeperushwa na upepo au kuchukuliwa na nyuki huwa imekwisha kukauka, na katika ukavu huo ndimo ulimo usalama wake kwa muda wote wa safari. Walakini pindi inapotua juu ya stigma, yaani sehemu ya kike ipokeayo chavua, ya ua la jinsi yake huanza kuyafyonza maji, na katika dakika chache tu mwili uliokuwa umesinyaa huvimba na kukazana, hata ikawa katika hatari ya kupasuka pale pale ilipokwenda kutimiza muradi wake.

Haina ubongo, wala haina mshipa wa fahamu. Ni kitu gani basi kinachoitahadharisha? Jawabu lilitolewa mwaka 2015 na Elizabeth Haswell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliochunguza mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis. Ndani ya ukuta wa seli mna utando mwembamba wa mafuta, na katika utando huo, kwenye chavua, imepachikwa protini iitwayo MSL8, ambayo ni mfereji wa ioni, yaani tundu lenye kufumba na kufumbua, lipitishalo chembe za chumvi zenye umeme. Utando ukilegea, tundu hufumba. Maji yakizidi kuingia hata utando ukavutika, mvuto huo wenyewe hulifumbua, ioni zikatoka, na madhali maji hufuata palipo na chumvi nyingi, chumvi ya ndani ikipungua shinikizo nalo hushuka. Hapana mjumbe aliyetumwa wala amri iliyongojewa: nguvu ile ile iletayo hatari ndiyo ifunguayo njia ya kuokoka.

Tena kazi hiyo ina kiasi chake. Chavua iliyonyimwa MSL8 ilipotiwa majini ilikufa kwa wingi, na ile iliyosalimika ikachipua kwa pupa na kupasuka; lakini iliyojaaliwa MSL8 kupita kadiri nayo haikufaa, kwa sababu shinikizo lililovuja mno halikubakiza nguvu ya kuusukuma nje mrija wa chavua, ambao bila ya huo hapana mbegu.

Ithibati kwamba ni mvuto wenyewe ufunguao ilipatikana katika yai la chura, na chura huyo, Xenopus laevis, asili yake ni kusini mwa bara letu hili la Afrika. Yai lake hudungwa maagizo ya jeni ya mmea, likaachwa hata liiunde protini ile na kuipanga katika utando wake. Kisha mtafiti hugandamiza juu yake kijirija cha kioo chenye ncha nyembamba kuliko unywele, akavuta hewa taratibu, utando ukabinukia ndani ya ncha, na mara mkondo wa umeme kwenye chombo cha kupimia hupanda kwa ngazi, kila ngazi ikiwa ni tundu moja limefumbuka. Njia hii ya kupima iliwapatia Erwin Neher na Bert Sakmann Tuzo ya Nobel mwaka 1991, na kwa rai yangu ni katika kazi nzuri kabisa zilizopata kufanywa kwa mikono ya binadamu.

Tumezoea kudhani kwamba mmea wenye kuhisi ni kifauwongo peke yake, kwa kuwa kikiguswa hukunja majani mbele ya macho yetu. Lakini seli za mimea karibu yote huishi katika shinikizo ambalo aghalabu huzidi mara kadhaa lile la upepo wa gurudumu la gari, na kiumbe aishiye hivyo hana budi kupima mvuto wa utando wake usiku na mchana. Mwaka 2007 wataalamu wa Japani walieleza protini nyingine, MCA1, iingizayo kalsiamu katika seli utando uvutikapo. Miche ya Arabidopsis iliyoikosa, mizizi yake ilipotoka katika tabaka laini la agari, yaani ute ulioganda wa kuoteshea miche, ilishindwa kupenya tabaka gumu lililokuwa chini yake. Mpunga na mahindi vina protini za ukoo huo huo.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tulimao. Jembe lipitalo kina kile kile mwaka hata mwaka huacha chini yake udongo ulioshikamana, mzizi wa mhindi ukiufikia hugeuka kando, na mvua ikikatika shamba hunyauka ilhali unyevu upo chini. Kutifua tabaka hilo ni kazi njema, wala simzuii mkulima kuifanya. Ila ningependa wazalishaji wa mbegu, pamoja na kuyatazama magunzi na kuzihesabu punje, waufukue na mzizi, waupime mmoja mmoja kwa namna unavyokabili udongo mgumu.