Saruji Mbichi Huunguza

Msikilizaji wa Singida mjini, Manyoni, Iramba na Mkalama, leo tunaongea na mafundi wa vyungu vya maua na tofali za saruji. Upepo wetu hauna subira: ukifungua mfuko, simama upande upepo unakotokea, na vaa barakoa na miwani. Saruji ikilowa huwa kali kuliko magadi. Huunguza ngozi kimyakimya; maumivu huja saa kadhaa baadaye, fundi keshalala. Basi, vaa glavu za mpira na gambuti. Kandambili, jamani, si viatu vya kazi! Tenga ndoo ya maji safi kabla ya kukoroga. Saruji ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20, kisha nenda kituo cha afya.