Mtu Aachaye Pombe kwa Ghafula



Baadhi yetu humfungia mlevi chumbani mpaka pombe imtoke. Nawasihi tuache. Pombe hulegeza ubongo. Naye anywaye kila siku kwa miaka mingi, ubongo wake hujikaza kushindana nayo. Chang'aa ikikatwa kwa ghafula, mkazo ule hubaki peke yake. Saa chache baadaye mikono hutetemeka. Katika siku mbili za kwanza aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Yapata siku ya tatu huona wadudu wasiokuwapo, nasi twasema amerogwa! Wengine hufa. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza, ikipunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1. Basi naomba nauli ya kumfikisha huko itoke katika mfuko wa chama, hata ikiwa hajalipa ada yake.