Tulipe Mbao, Tulipe na Wazo

Ndugu msikilizaji, ukipita Keko jijini Dar es Salaam siku yoyote ya kazi, utalakiwa na mlio wa randa na harufu ya vanishi. Kando ya barabara zimepangwa samani za kila aina: vitanda vya sita kwa sita, makabati ya vyombo, makochi yaliyofunikwa nailoni yasiingie vumbi. Jijini Nairobi nako, kando ya Barabara ya Ngong, hali ni hiyo hiyo. Aliyehamia nyumba mpya hana haja ya kwenda mbali. Mfuko wake tu ndio utakaoamua.

Lakini hebu simama kidogo usikilize mazungumzo ya mteja na fundi. Mteja anatoa simu mfukoni, anaonyesha picha ya kochi lililotengenezwa ng'ambo, anasema: "Fundi, nataka kama hili." Fundi anaitazama ile picha, anapiga hesabu kichwani, anajibu: "Hilo linawezekana, bosi. Acha advansi." Baada ya wiki mbili, au tano kama fundi ni mwenye ahadi nyingi, kochi linatoka. Linafanana na lile la pichani. Mteja amefurahi, fundi amepata riziki, na kila mmoja anakwenda zake.

Je, kuna ubaya gani hapo? Wengi watasema hakuna. Mimi nasema kuna kitu kimoja ambacho mteja hakukilipia kwa sababu hakukitaka. Kitu hicho ni wazo la fundi mwenyewe.

Yuko fundi mmoja ninayemfahamu, ambaye jina lake nitalihifadhi. Fundi huyo alikusanya vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi za wateja, vile ambavyo kwa kawaida huishia kuwa kuni. Akabuni taa ya mezani. Kitako chake ni cha mninga, shingo imeinama kidogo kama mtu anayesoma, na juu yake kofia ya ukindu iliyosukwa mfano wa kawa, lile kawa tunalofunikia wali. Taa ikiwaka, mwanga unapenya katika matundu ya ukindu na kutia nakshi ukuta mzima.

Kazi hiyo ilimchukua miezi miwili. Taa ya kwanza haikuweza kusimama, ilianguka kifudifudi. Ya pili kofia ilikaa karibu mno na balbu, ukindu ukaanza kunuka moshi. Ya tatu ndiyo iliyofaa. Wiki ya kwanza aliuza taa nne, akaamini kwamba sasa Mungu amemfungulia mlango. Kabla mwezi haujaisha, majirani zake wawili walikwisha kuwa na taa ile ile, ya mbao laini iliyopakwa rangi ifanane na mninga, na kwa nusu ya bei. Wateja wakawa wanamjia na kumuuliza: "Mbona wewe unauza ghali, na pale tumeiona hiyo hiyo?" Leo hii fundi huyo hatengenezi taa tena. Amerudi kwenye vitanda vya picha.

Tuitazame hesabu yake, ndugu msikilizaji. Jirani alilipia mbao, rangi, waya na balbu. Hakulipia zile taa mbili zilizoharibika, wala ile miezi miwili ya kukuna kichwa. Ndiyo maana aliweza kuuza kwa nusu ya bei. Aliyefikiri amepata hasara, na aliyesubiri mwenzake afikiri amepata faida. Biashara ikiendeshwa hivyo, nani atakayejisumbua kubuni?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kuiga ni dhambi. Kila fundi alianza kwa kumwiga fundi wake, na vitu vizuri vya pwani yetu vina damu ya watu wengi. Vile viti vya enzi vya Lamu, vya mbao nyeusi, vilivyopachikwa vipande vya pembe na mifupa na kusukwa kwa uzi, ni matunda ya mafundi walioona vitu vya wageni waliokuja kwa majahazi, wakavichukua, wakavigeuza, hadi vikawa vya kwao. Hapo ndipo penye tofauti. Kuiga ni shule, na kila shule ina siku ya kuhitimu. Fundi anayenakili picha ya simu kwa miaka ishirini ni mwanafunzi aliyekataa kuhitimu, au pengine ni sisi wateja tunaomzuia.

Wako waliohitimu. Tom Dixon alizaliwa Sfax, nchini Tunisia, mwaka 1959, akakulia Uingereza. Chuo cha sanaa hakukimaliza. Alijifunza kuchomelea vyuma ili akarabati pikipiki yake, na katika miaka ya 1980 akaanza kuunda viti kwa vyuma chakavu jijini London. Kiti chake chenye umbo la herufi S kilichukuliwa na kiwanda cha Cappellini cha Italia. Mwaka 2002 alianzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe, na taa zake zinauzwa katika nchi nyingi duniani.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Jijini Ouagadougou, nchini Burkina Faso, Hamed Ouattara huchukua mapipa matupu ya mafuta, akayakata, akayanyoosha, akayafanya makabati, huku rangi na maandishi ya pipa yakiachwa yaonekane. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Mapipa kama hayo wanayagonga kila siku mafundi wa Gerezani na wa Kamukunji, wakatoa majiko, makarai na masanduku. Nyundo ni ile ile. Kilichoongezeka kwa Ouattara ni wazo, pamoja na wanunuzi waliokubali kulilipia.

Sheria nayo haikumsahau mbunifu. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inamruhusu mtu kuandikisha mtindo wa kitu alichobuni, na akaulinda kwa miaka mitano inayoweza kuongezwa mara mbili. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008. Aidha, Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo Kenya na Tanzania zimo, inampa mbunifu njia ya kulinda mtindo wake katika nchi kadhaa kwa ombi moja. Lakini sharti mtindo uwe mpya, na maombi yana ada na fomu. Fundi wa chini ya mwembe, mwenye kidaftari kimoja cha vipimo na madeni, ataanzia wapi? Hapa vyama vya mafundi vina kazi ya kufanya. Fundi mmoja mmoja ataona mlima, lakini mafundi hamsini wakichanga wanaweza kumlipa mtu wa kuwashughulikia.

Hata hivyo, sheria haitaingia sebuleni kwako kukuchagulia taa. Hilo ni lako, msikilizaji. Siku utakapokwenda kununua samani, iache simu mfukoni kwa dakika tano. Mweleze fundi ukubwa wa chumba chako, idadi ya watu wako, na dirisha liko upande gani. Kisha muulize: "Wewe ungefanyaje?" Akikuchorea kitu cha maana, mlipe kwa mchoro huo hata kama hutanunua siku ile. Ukiona kitu kizuri, uliza ni nani aliyekibuni kwanza, ukanunue kwake. Wenye hoteli na maofisi makubwa wafanye vivyo hivyo, maana oda moja ya taa arobaini humweka fundi mjini mwaka mzima.

Nanyi mafundi, msijifiche nyuma ya lawama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbao mbichi hupinda hata kama mtindo ni mzuri kiasi gani, na ahadi ya "njoo Jumamosi" imewafukuza wateja wengi kuliko bei. Anayetaka alipwe kama mbunifu atimize ahadi na akaushe mbao zake. Tena agonge jina lake chini ya kitako cha taa, ili mnunuzi ajue ipi ni ya mwenyewe na ipi ni ya jirani.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mji wetu una vyanda vingi vyema, vyenye makovu ya patasi na msasa. Yule fundi wangu bado ameihifadhi ile taa ya tatu, juu ya rafu, imejaa vumbi la mbao. Nilimuuliza kwa nini haiuzi. Akanijibu kwamba anamsubiri mteja atakayeuliza ni nani aliyeibuni.