Nani Atashika Zamu? Muuguzi Mjamzito wa Tana Delta Wakati wa Janga

Bi. Mwenyekiti, wasimamizi wa vituo, wauguzi na maafisa wa kliniki wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Ngao, Tarasaa, Kipini na vijiji vya ng'ambo ya mto:

Nimepewa mada ya kufanya kazi ya afya ukiwa na mimba wakati wa janga. Wengi mngetarajia nianze na barakoa na glavu, na nitazifikia. Lakini kwa maoni yangu, jambo lililotushinda zaidi hapa delta wakati wa korona ni ile karatasi iliyobandikwa ukutani katika kila kituo, yaani ratiba ya zamu. Hospitali kubwa ikiwa na muuguzi mjamzito humtoa wodi hii ikampeleka ile, na kazi ikaendelea. Zahanati yenye muuguzi mmoja haina wodi ya kumpeleka. Akiondoka yeye, mlango unafungwa. Miongozo mingi kuhusu wahudumu wajawazito iliandikwa na watu ambao hawajawahi kufungua zahanati ya namna hiyo asubuhi.

Mwaka 2020 ulivyotukuta

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilithibitishwa tarehe 12 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ya usiku ikaanza. Mwanzoni mwa Aprili Serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi. Tana River haikutajwa katika amri ile, na wako waliodhani tumesalimika. Anayeishi Garsen anajua kwamba safari ya Malindi, zaidi ya kilomita 100, inakuingiza Kilifi utake usitake. Huko ndiko wengi wetu tunakokwenda kumwona daktari wa akina mama, kupigwa picha ya mimba, hata kununua dawa ambayo duka la hapa halina. Ambulensi ilipita vizuizini. Matatu hazikupita. Muuguzi wa miezi saba mwenye kadi ya kliniki ya Malindi hakuwa mgonjwa wa dharura, kwa hiyo hakuwa na usafiri. Zuio la Kilifi lilidumu hadi Juni.

Katikati ya hayo mto ukafurika. Mvua za Aprili na Mei zilijaza mabwawa ya juu, maji yakashuka kwetu, watu wakahamia miinukoni na kwenye mahema, nasi tukiwahubiria kukaa mita moja baina ya mtu na mtu. Maji yakituama malaria hupanda, na muuguzi humpokea mgonjwa wa malaria na wa korona kwa dalili ileile: mwili wa moto. Kipimo cha malaria kiko mezani, majibu hutoka kabla chai haijapoa. Sampuli ya korona ilisafirishwa hadi maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, kule Kilifi. Majibu yaliporudi, muuguzi alikuwa ameshamhudumia mgonjwa yule na wengine waliomfuata.

Ndani ya chumba cha kujifungulia

Kwa nini mjamzito ahofiwe zaidi? Mimba ikikua, tumbo husukuma mapafu juu na kuyapunguzia nafasi, ilhali mwili unadai oksijeni zaidi. Damu nayo huganda kwa wepesi kuliko kawaida, na korona ni ugonjwa unaogandisha damu. Takwimu za Marekani zilizotolewa Novemba 2020 zilionyesha kwamba mjamzito mwenye dalili za korona alikuwa na uwezekano wa mara 3 hivi wa kulazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, akilinganishwa na mwanamke wa rika lake asiye na mimba. Hili halikupaswa kutushangaza. Mafua ya 1918 yaliwaua wajawazito kwa wingi, na yale ya 2009 yaliwaumiza vilevile.

Sasa tuingie chumbani. Mama anasukuma. Anahema kwa nguvu, anapiga kelele, anamkamata mkunga mkono. Hapo hakuna mita moja. Mkunga mwenyewe ana miezi minane. Tumbo lake linagusa kitanda kabla mikono haijamfikia mama, kwa hiyo anasimama upande upande, mgongo ukimuuma. Kamba za aproni ya plastiki hazikutani nyuma. Lile vazi jeupe la mwili mzima zipu yake inakwama chini ya kifua, basi anavaa la saizi ya mwanamume mnene, mikono inaning'inia na miguu anaikanyaga. Stima imepotea, feni imesimama, na joto la Garsen mnalijua. Barakoa ikilowa jasho haichuji ipasavyo. Inafaa ibadilishwe, lakini katika boksi zimebaki mbili na usiku bado haujaingia. Kwa kuwa kuvua vazi ili aende chooni ni sawa na kulitupa, hanywi maji. Kila mkunga aliyepo hapa anajua mjamzito anayekaa zamu nzima bila maji katika joto hilo hupatwa na nini: kizunguzungu, maambukizi ya njia ya mkojo, tumbo kukaza kabla ya wakati. Ni mambo yaleyale tunayowakanya akina mama kliniki kila wiki.

Julai 2020 tulimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa akina mama na uzazi, ambaye ndiye daktari wa kwanza kufariki kwa korona nchini. Mwezi huohuo muuguzi wa Kaunti ya Homa Bay alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kujifungua. Kule Luton, Uingereza, muuguzi Mary Agyapong wa miaka 28 alikuwa ameshafariki Aprili. Mtoto wake alitolewa kwa upasuaji akaishi. Uingereza walikuwa wameshatoa mwongozo tangu Machi kwamba mhudumu akipita wiki ya 28 ya mimba aepushwe na kuhudumia wagonjwa ana kwa ana. Wiki 28 ni mpaka mzuri, unapimika, hauhitaji mabishano. Ila ili uufuate unahitaji mtu wa kumweka mahali pa yule unayemtoa, na hapo ndipo delta inapokwama.

Sheria imefika wapi

Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya mimba. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, mradi atoe taarifa ya maandishi angalau siku 7 kabla. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mhudumu haki ya kufanya kazi katika mazingira yanayopunguza hatari ya maambukizi, na inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. (Nitafurahi kumsikia aliye na chumba hicho kituoni kwake.)

Angalieni pengo lilipo. Miezi 3 ni ileile, uwe karani wa ofisini au mkunga wa wodi ya waliotengwa. Muuguzi akiianza mapema ili aukimbie ugonjwa, ameila likizo ya mtoto wake. Matokeo yake tunayaona: mtu anafanya kazi mpaka uchungu umshike, apate kubaki na siku nyingi za kunyonyesha. Na Machi 2020, Serikali ilipowaruhusu watumishi wa umma wenye miaka 58 na zaidi na wenye maradhi ya kudumu wafanyie kazi nyumbani, iliwaacha nje watu wa usalama na wa huduma muhimu. Kwa hiyo mhudumu wa afya aliondolewa kwenye kinga hiyo kwa sababu ya kazi ileile inayomweka hatarini.

Uamuzi ukabaki mikononi mwa msimamizi wa kituo. Wako waliokuwa na huruma, wakapanga mambo vizuri sana, na baadhi mmeketi hapa. Wako pia waliosema mimba si ugonjwa. Lakini haki inayotegemea moyo wa bosi inageuka kuwa hisani, na mtu wa mkataba haombi hisani kwa wepesi. Kifo cha Dkt. Stephen Mogusu kwa korona, Desemba 2020, aliyekuwa na miaka 28 na akidai mishahara ya miezi kadhaa, kiliionyesha nchi nzima hali ya vijana walioajiriwa kwa mkataba. Sasa mfikirieni wa mkataba mwenye mimba, anayengojea kujua kama jina lake litarudi kwenye orodha. Huficha mimba chini ya koti jeupe kadiri inavyofichika, na katika miezi hiyo ya mwanzo hakuna anayemkinga kwa sababu hakuna anayejua.

Kuhusu safari za usiku wakati wa kafyu, nitasema machache. Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa Wheels for Life. Mjamzito aliyepiga 1195 saa za kafyu alipata ushauri, na ilipobidi gari la bure. Ulikuwa mpango wa maana. Hapa kwetu gari la usiku ni bodaboda. Muuguzi aliyeitwa saa saba kuzalisha alikuwa na kitambulisho cha kazi cha kumwonyesha askari. Kijana aliyempakia hakuwa nacho.

Na chanjo? Ilifika nchini 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, na wahudumu wa afya wakawekwa mbele. Majaribio ya kwanza yalikuwa yamewaacha nje wajawazito, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani wakati ule ulikuwa kwamba wachanjwe ikiwa faida inazidi hatari. Sentensi hiyo ni sahihi kisayansi, ila ilimwachia muuguzi wetu mzigo wa kujiamulia peke yake huku akina mama kwenye benchi wakimtazama. Sista akidunga wengine na yeye hajadungwa, mtaani kuna maelezo yake tayari, na mengi yalihusu utasa. Baadaye ushahidi ulipokusanyika na wajawazito wakahimizwa wazi, uvumi ulikuwa umeshatangulia.

Ninachoomba

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona Mei 2023. Delta haijatangaziwa mwisho wa kitu. Homa ya Bonde la Ufa tuliiona 2006 na 2007. Kipindupindu hutufuata maji yakichafuka. Mpox imeshaingia nchini tangu Julai 2024, tena kisa cha kwanza kiligunduliwa Taveta, mpakani mwa ukanda wetu wenyewe. Sitaki tukutane tena baada ya mlipuko mwingine kulaumiana.

Ombi la kwanza, na kwangu ndilo lenye uzito, ni wauguzi wa akiba. Kaunti iteue wachache wenye makao Ngao na Garsen, wajulikane kwa majina kabla ya mvua, kazi yao iwe kushika zahanati ya muuguzi mmoja pale mwenyewe anapofika wiki ya 28 wakati wa mlipuko, au mapema zaidi akiwa na presha, kisukari au upungufu wa damu. Wataalamu wa bajeti watasema ni gharama. Ni kweli. Lakini zahanati iliyofungwa nayo ina gharama yake: mama anayevushwa mto kwa mtumbwi usiku, chanjo za watoto zinazopitwa, na mgonjwa anayefika hospitalini Hola akiwa amechelewa. Hizo hatuziandiki popote, ndiyo maana zinaonekana za bure.

Muuguzi aliyetolewa kwenye chumba cha kujifungulia si lazima akae nyumbani. Anaweza kusimamia wahudumu wa afya ya jamii kwa simu, kufuatilia waliokosa kliniki, kuweka sawa rejista na hesabu ya dawa, kazi ambazo sote tunaziacha nyuma kila mwaka. Siku atakazokingwa namna hiyo zisihesabiwe ndani ya miezi 3 yake. Hilo linaweza kuwekwa katika waraka wa kaunti bila kungoja Bunge libadilishe sheria. Taarifa ya mimba ipokelewe kwa siri, na mkataba usiguswe. Anayeagiza vifaa aandike pia saizi za wajawazito, kwa maana idadi kubwa ya wauguzi wetu ni wanawake wa umri wa kuzaa na stoo zetu bado zinawavalisha kama wanaume.

Bi. Mwenyekiti, naomba majadiliano yaanze na wenzetu wa upande wa Ozi na Kipini, kwa sababu swali gumu zaidi liko kwao: maji yakikata njia, huyo muuguzi wa akiba atafikishwaje kituoni, na mafuta ya boti yatatoka kwenye vocha ya nani?