Kibwetere wa Kanungu: Tunajua Nini kwa Yakini?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Chang'ombe, Dodoma)



Hapana shaka kila mmoja wetu aliyepo hapa amewahi kulisikia jina la Kibwetere. Kwa wengi wetu jina hilo limekwisha kuwa tusi. Watu fulani wakizidisha ibada za usiku, au wakijitenga kidogo na desturi za mtaa, haupiti muda kabla hawajaitwa watu wa Kibwetere. Lakini mwulize msemaji: Kibwetere mwenyewe alikuwa nani? Atajibu upesi kwamba alikuwa padri wa Uganda aliyewashawishi watu elfu moja wajichome moto, kisha yeye akatoroka na mali zao.

Katika sentensi hiyo moja limo kosa la wazi, imo dhulma kubwa kwa marehemu, na yamo mambo mawili yasiyothibitishwa hata leo. Tunaomba tuyapitie, kwani sisi ni watu tulioamrishwa katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Jabir bin Abdullah, sahaba wa Mtume Mtukufu s.a.w., alisafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya kuisikia hadithi moja kutoka kinywani mwa yule aliyeisikia. Sisi tunashindwa hata kumwuliza jirani yetu: nani amekuambia, naye alikuwapo?

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wasomi tu. Mwezi Oktoba 2016, si mbali na hapa, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na umati wa watu. Walikuja kuchunguza udongo. Ilivuma kwamba ni wanyonya damu, na ikatosha. Watu waliodhani wanajikinga na wauaji wakawa wao ndio wauaji, kwa sababu ya habari ambayo hakuna aliyeisimamisha njiani na kuihoji.

Basi tuanze na kosa la wazi. Joseph Kibwetere hakuwa padri. Alikuwa muumini wa kawaida wa Kanisa Katoliki, mtu mwenye mali na heshima huko Ntungamo, kusini-magharibi mwa Uganda. Vyanzo vingi vinasema alizaliwa mwaka 1932. Alipata kuwa miongoni mwa wasimamizi wa shule za Kikatoliki, na katika siasa alikuwa upande wa chama cha Democratic Party. Padri alikuwa mwenzake, Dominic Kataribabo, msomi aliyepata elimu ya juu Los Angeles, Marekani. Naye Kanisa lilikuwa limekwisha kumsimamisha kazi yake ya upadri kwa sababu ya kikundi hicho, muda mrefu kabla ya maafa. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu tunaishi na Wakatoliki nyumba kwa nyumba, na si haki kuwatwika mzigo ambao askofu wa Mbarara alijaribu kuukataa mapema.

Tena, hata uongozi wenyewe haukuwa kama tunavyousimulia. Kikundi kile, kilichojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, hakikuanza na Kibwetere. Mwanamke mmoja, Credonia Mwerinde wa Kanungu, alikuwa akidai tangu miaka ya mwisho ya 1980 kwamba Bikira Maria anamtokea. Alikutana na Kibwetere mwaka 1989, na kwa miaka kadhaa wafuasi wakakaa nyumbani kwa Kibwetere, mpaka mwaka 1992 jamaa zake walipochoka na kuwafukuza. Ndipo walipohamia Kanungu, kwenye ardhi ya baba yake Mwerinde. Padri Paul Ikazire, aliyekuwa miongoni mwao na kujitoa mwaka 1994, alieleza kwamba Kibwetere alikuwa akikaa kwenye kiti cha mbele, lakini amri zilitoka kwa Mwerinde. Huyu ni shahidi aliyekuwapo ndani, na neno lake lina uzito kuliko masimulizi ya safarini. Hata hivyo ulimwengu ulilishika jina la mwanamume mzee kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele, na ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Hapa inatupasa tuongeze jambo ambalo huenda litawashangaza baadhi yenu. Katika magazeti mengi ya mwaka 2000 iliandikwa kwamba Mwerinde alikuwa kahaba. Kwamba aliuza pombe ya ndizi, hilo limesimuliwa na watu wa kwao waliomjua. Lakini hilo la ukahaba limepita kutoka kalamu hadi kalamu bila ya mtu kuonesha alilipata wapi. Mnajua sheria yetu inasemaje juu ya anayemsingizia mwanamke uzinzi bila ya mashahidi wanne. Sheria hiyo haikusema kwamba mwanamke akituhumiwa kuua, basi mengine yote yamekuwa halali kusemwa. Mzigo wa mauaji unamtosha.

Sasa tuifikie dhulma. Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000, nyumba ya ibada ya Kanungu iliwaka moto ikiwa imejaa watu, milango na madirisha vikiwa vimefungwa kwa misumari. Siku chache kabla yake wafuasi walikuwa wameuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, wakachinja ng'ombe na kufanya karamu. Mwisho wa dunia ulikuwa umetabiriwa kuwa tarehe 31 Desemba 1999, haukufika, na wapo waliokuwa wameanza kudai mali zao. Habari ya kwanza iliyotangazwa duniani kote ilikuwa kwamba watu hawa wamejiua wenyewe. Kisha miili sita ikaonekana ndani ya shimo la choo katika eneo lile lile. Wiki iliyofuata likafukuliwa kaburi la Buhunga, watu 153. Kisha Rugazi, kwenye nyumba ya Kataribabo, watu 155, wengine wakiwa chini ya sakafu. Kisha Rushojwa, 81. Mwishoni mwa Aprili, Buziga, pale Kampala penyewe, 55. Serikali ya Uganda ikabadili kauli, ikasema haya ni mauaji, na Aprili hiyo hiyo ikatoa hati za kuwakamata viongozi sita.

Walikuwamo watoto wengi, ndugu zetu. Mtoto mdogo hajiui kwa ajili ya utabiri. Anayesema hata leo kwamba wale wa Kanungu walijichoma moto anarudia habari iliyokanushwa ndani ya wiki moja tu ya kutangazwa kwake, na anawapa marehemu dhambi isiyokuwa yao.

Idadi nayo? Makaburi yale manne yanafanya jumla ya watu 444. Wale wa kanisani, polisi walitaja kwanza mafuvu 330, na baadaye yakatajwa makisio ya 530. Ndiyo maana utasoma mahali pengine 700 na kitu, pengine zaidi ya 900, na mtaani imekuwa elfu. Yupo pia mtafiti, Richard Vokes, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2009 anashuku kwamba baadhi ya waliokutwa mashimoni walikufa kwa maradhi ya mlipuko, malaria, kabla ya mambo kufikia moto. Si wote wanaokubaliana naye. Lakini kwa nini swali kama hilo liweze kuulizwa miaka tisa baadaye bila ya jibu?

Jibu liko katika siku zile za mwanzo. Waliokufa kanisani walisukumwa kwa tingatinga ndani ya kaburi la pamoja bila ya kutambuliwa mmoja mmoja. Ufukuaji wa makaburi mengine ulisimama kwa kukosa vifaa na wataalamu. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali haikupata fedha za kufanya kazi. Ilibaki Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2002. Ushahidi mwingi ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Linganisheni na Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Pale madaktari wa serikali waliipima miili, jamaa wakatolewa sampuli za vinasaba, na mwezi Machi 2024 familia za kwanza zikaanza kukabidhiwa watu wao. Paul Mackenzie alikamatwa akiwa hai, akasomewa mashitaka mbele ya hakimu, naye akayakana. Maisha yake, tangu alipokuwa dereva wa teksi Malindi mpaka alipofungua kanisa lake, yamewekwa mbele ya watu wenye kuapa na kuhojiwa. Ilikuwa kazi ya polepole yenye kuwachosha wafiwa, lakini ndiyo inayotenganisha ukweli na uvumi.

Kwa Kibwetere hakuna kilichofika huko. Kwamba alitoroka ni jambo la pili lisilothibitishwa. Kijana mmoja aliyenusurika kwa kutoka kutafuta chakula alisema aliwaona Kibwetere na Mwerinde wakiondoka asubuhi ile. Wapo wanaosema alikwisha kufa kabla ya moto. Kuhusu Kataribabo, maafisa walitangaza kwanza kwamba mwili wake umetambulika kwa kola ya upadri, kisha jina lake likaonekana katika orodha ya wanaotafutwa. Mwaka 2014 polisi wa Uganda walisema zimefika habari kwamba Kibwetere amejificha Malawi. Hakuletwa. Kama angali hai, ana miaka zaidi ya tisini.

Kwa hiyo akiulizwa mmoja wetu, aseme hivi: Joseph Kibwetere ni mtuhumiwa wa mauaji ya mamia ya watu katika kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na Credonia Mwerinde na wengine wanne waliotolewa hati mwaka 2000, hakuna hata mmoja wao aliyepata kusimama mahakamani. Na kule Kanungu, wengi wa waliokuwamo kanisani siku ile ya Ijumaa wamelala katika kaburi moja, na jamaa zao hawawezi kuonesha ni wapi hasa alipolazwa mtu wao.